Malkia wa Kete Nyeusi: Byrne dhidi ya Fischer, New York, 1956

Mchezo wa chesi uliopewa jina la "Mchezo wa Karne" ulichezwa New York tarehe 17 Oktoba 1956, kati ya Donald Byrne, aliyeshika kete nyeupe, na Bobby Fischer, aliyeshika nyeusi. Byrne alikuwa na miaka 26 na alihesabiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa Marekani. Fischer alikuwa na miaka 13. Mchezo ulikwisha kwenye hatua ya 41, mfalme mweupe akiwa amezingirwa na kete nne nyeusi huku malkia wake akiwa mbali, pembeni kabisa mwa ubao, hana la kusaidia.

Kushinda kwa kete nyeusi si ajabu, ila si jambo jepesi. Nyeupe ndiyo huanza, na katika mashindano ya wachezaji mahiri upande huo hujipatia kati ya asilimia 52 na 56 za alama zote. Mwenye nyeusi kwa kawaida huanza kwa kujihami, akangoja kosa. Kilichoupa mchezo huu sifa ni namna kosa moja dogo, la aina ambayo wachezaji wazuri hulifanya na kusamehewa, lilivyoadhibiwa papo hapo na mtoto aliyekuwa tayari kumwachia mpinzani malkia wake aliwe.

Kutoka waziri hadi malkia

Wasomaji wa pwani wanalijua jina la zamani la mchezo huu: sataranji. Neno hilo lilitoka Kisanskriti, likapita Uajemi, likachukuliwa na Waarabu na kuenea nao. Katika sataranji ya kale hapakuwa na malkia. Ubavuni mwa mfalme alisimama waziri, kete dhaifu iliyosogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Kumpoteza hakukuwa msiba.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia. Waziri akageuzwa kuwa malkia, akapewa uwezo wa kwenda mbali kadiri njia ilivyo wazi, mbele, nyuma, kando na kwa mshazari. Tangu hapo wachezaji wamezoea kuzipa kete thamani ya makadirio: kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, ni 1, farasi na askofu ni 3 kila mmoja, ngome ni 5, malkia ni 9. Mfalme hana thamani kwa kuwa hauzwi. Bila mageuzi hayo kafara ya malkia isingekuwa na maana yoyote, kwa sababu hakuna anayeshangaa mtu akitoa kitu cha bei rahisi.

Karne ya 19 iliipenda kafara kupita kiasi. Wachezaji walitoa kete kwa ujasiri, na wapinzani waliona haya kukataa kuzila. Baadaye sayansi ya kujihami ilikua, na kafara kubwa zikapungua kwenye mashindano mazito. Mchezaji wa miaka ya 1950 aliyemwacha malkia wake aliwe alitazamiwa kuwa na hesabu kamili mkononi.

Nyumba ya Marshall, 1912–1956

Jumba lililoupokea mchezo huu, makao ya klabu ya Marshall, lilikuwa na kumbukumbu ya kafara ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1912, mjini Breslau, Mmarekani Frank Marshall, akicheza kete nyeusi dhidi ya Stefan Levitsky, alimweka malkia wake kwenye mraba ambao angeweza kuliwa kwa njia tatu tofauti. Njia zote tatu ziliishia kwenye kushindwa, na Levitsky akasalimu amri. Husimuliwa kwamba watazamaji walirusha sarafu za dhahabu juu ya ubao. Hadithi hiyo imekuwa ikibishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na pengine uzuri wake ndio unaoifanya isife.

Marshall alianzisha klabu yake mwaka 1915. Tangu 1931 makao yake yamekuwa nyumba ya matofali katika mtaa wa West 10th, Greenwich Village, eneo la New York lililojaa waandishi na wachoraji. Alikuwa bingwa wa Marekani kuanzia 1909 hadi 1936, akafariki mwaka 1944, na mjane wake Caroline akaendelea kuisimamia klabu. Ndani ya vyumba hivyo watu walinong'ona tu, kwa kuwa kelele wakati wa mchezo ni utovu wa adabu. Humo ndimo mtoto wa Brooklyn alikuja kucheza na wakubwa.

Mtoto wa Brooklyn, 1949–1956

Robert James Fischer alizaliwa Chicago tarehe 9 Machi 1943. Mama yake, Regina, alimlea yeye na dada yake Joan peke yake, kwa kipato kidogo, akihamahama kufuata kazi hadi familia ikatulia Brooklyn. Mwaka 1949 Joan alinunua seti ya chesi kwenye duka la peremende lililokuwa chini ya nyumba waliyopanga. Watoto wawili wakajifunza kwa kusoma karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi. Joan alichoka upesi. Mdogo wake hakuchoka.

Mnamo Januari 1951 mama yake alimpeleka kwenye maonyesho ambapo Max Pavey, mchezaji mashuhuri, alikuwa akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja. Fischer, mwenye miaka 7, alidumu kama robo saa akapoteza malkia wake na mchezo pamoja naye, kisha akalia. Kati ya waliokuwa wakitazama alikuwamo Carmine Nigro, rais wa klabu ya chesi ya Brooklyn. Nigro akamchukua mtoto yule na kumfundisha bila malipo. Laiti Pavey angemwonea huruma siku ile akamwachia sare, huenda Nigro asingegeuza shingo kumtazama.

Miaka mitano iliyofuata haikuwa na makeke. Mwaka 1955 alijiunga na Manhattan Chess Club, klabu iliyokuwa na wachezaji wazito kuliko zote nchini. Katikati ya 1956 alianza kwenda nyumbani kwa Jack Collins, mwalimu aliyetumia kiti cha magurudumu na aliyekuwa na maktaba kubwa ya vitabu vya chesi. Kwa Collins alicheza, alikula na alisoma. Julai ya mwaka huo, mjini Philadelphia, alitwaa ubingwa wa vijana wa Marekani. Ubingwa huo ndio uliomfungulia mlango wa mashindano ya Oktoba.

Mashindano ya Rosenwald, Oktoba 1956

Mashindano yalipewa jina la Lessing Rosenwald, tajiri aliyekuwa akidhamini chesi nchini Marekani. Washiriki walikuwa 12, na kila mmoja alikutana na wenzake wote, yaani michezo 11 kwa kila mchezaji. Kinara alikuwa Samuel Reshevsky, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa maajabu: aliletwa Marekani kutoka Poland mwaka 1920 akiwa mdogo sana, akazungushwa miji mbalimbali akicheza na watu wazima kadhaa kwa mara moja. Ndiye aliyeibuka mshindi wa mashindano.

Fischer hakufanya vizuri. Alishinda michezo miwili, akatoka sare mitano, akapoteza minne: alama 4.5 kati ya 11. Nafasi yake ilikuwa ya nane. Jambo hili husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa mchezo mmoja umeyafunika mashindano mazima. Wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba kijana wa nafasi ya nane angekuja kuwa bingwa wa dunia.

Donald Byrne, mpinzani wake, alikuwa mzaliwa wa New York, mwaka 1930. Alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaiwakilisha nchi yake dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Kaka yake Robert, aliyemzidi miaka miwili, naye alikuwa mchezaji wa kiwango cha juu. Byrne alipenda mashambulizi na hakuogopa vurugu ubaoni. Dhidi ya mtoto, akiwa na kete nyeupe, hakuwa na haja ya kutafuta sare.

Hatua ya 1 hadi ya 10: malkia mweupe anazurura

Miraba ya ubao hutajwa kwa herufi na tarakimu: safu wima ni a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, na mistari ni 1 hadi 8 kutoka upande wake. Kitunda kilicho e4, kwa mfano, kimesimama karibu na kitovu cha ubao, upande wa Nyeupe.

Byrne alianza kwa kumtoa farasi, na baada ya hatua chache mchezo ukaingia katika mfumo unaoitwa Utetezi wa Grünfeld. Ernst Grünfeld wa Vienna aliutumia mwaka 1922, na mwaka huo huo akamshinda kwa huo Alexander Alekhine, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Wazo lake lilipingana na mafundisho ya zamani. Mwenye nyeusi humwachia mpinzani ajenge ukuta wa vitunda katikati ya ubao, kisha huushambulia kwa mbali, hasa kwa askofu aliyejificha g7. Ukuta ukisimama imara, Nyeupe hushinda kwa kumbana mwenzake. Ukitikisika, nyufa zake huwa njia za Nyeusi.

Fischer aliwahi kumpeleka mfalme wake kwenye usalama, nyuma ya ngome na vitunda, katika hatua ya 4. Byrne alishika njia nyingine. Malkia wake alitoka hatua ya 6 kwenda b3, hatua ya 7 akala kitunda c4, na hatua ya 10 akaruka hadi c5. Hizo ni safari tatu za kete moja katika hatua kumi. Katikati palipendeza, vitunda vyake vikiwa d4 na e4, bega kwa bega. Nyuma palikuwa hovyo: mfalme bado alikuwa mahali alipozaliwa, e1, na askofu wake na ngome ya upande huo hawajaguswa. Ilibaki hatua moja ya kumsogeza askofu huyo na nyingine ya kumficha mfalme.

Hatua ya 11: farasi ukingoni

Byrne hakucheza hatua hizo. Alimsogeza tena askofu mwingine, aliyekwisha toka, kutoka f4 hadi g5. Hatua yenyewe haikuwa ya kijinga. Ilimkazia macho farasi mweusi wa f6 na kutaka kuvilinda vitunda vya katikati. Lakini ilipoteza muda, na muda ndio aliokuwa hana.

Jibu la Fischer lilikuwa farasi hadi a4. Wanaoanza chesi hufundishwa kwamba farasi aliye ukingoni hana nguvu, maana nusu ya njia zake zimekatwa. Tena huyu alikwenda mahali ambapo angeweza kuliwa na farasi mweupe wa c3, na hakuna kete nyeusi iliyomlinda. Kwa macho ya haraka ilikuwa zawadi.

Hesabu ilikuwa hivi. Farasi wa a4 alimtisha malkia wa c5. Kama Byrne angemla kwa farasi wa c3, mlinzi wa kitunda cha e4 angekuwa ameondoka kazini. Farasi mweusi wa pili angekila kitunda hicho, na kutoka pale e4 angewatisha malkia na askofu wa g5 kwa mpigo mmoja. Njia zote zilizofuata zilimrudishia Nyeusi kete yake pamoja na faida, huku mfalme mweupe akibaki uwanjani wazi. Byrne aliliona hilo. Akamrudisha malkia a3, safari yake ya nne.

Fischer akala farasi wa c3, Byrne akalipiza kwa kitunda cha b2, na Fischer akala kitunda cha e4 kwa farasi aliyebaki. Ukuta wa katikati ulikuwa umepasuka. Byrne naye hakukaa kimya: askofu wake akala kitunda cha e7, akawa anawatisha malkia mweusi na ngome iliyokuwa f8. Fischer akamsogeza malkia b6 na kuiacha ngome iliwe akitaka. Byrne hakuitaka, kwa sababu kuila kungemwita askofu mweusi f8, akimlenga malkia wa a3, na mashambulizi yangeendelea huku mfalme mweupe hajapata pa kujificha. Ndipo akamtoa yule askofu aliyechelewa, hadi c4. Alikuwa amebakiza hatua moja tu kumficha mfalme. Hakuipata.

Hatua ya 17: malkia anaachwa

Farasi wa Fischer akala kitunda cha c3. Askofu wa Byrne akarudi nyuma hadi c5, akimlenga malkia wa b6. Ngome nyeusi ikahamia e8 na kutoa cheki, yaani kumtisha mfalme moja kwa moja, kwa kuwa safu ya e sasa ilikuwa wazi hadi kwa mfalme. Mfalme akasogea f1, na kwa hatua hiyo akapoteza moja kwa moja haki ya kujificha nyuma ya ngome.

Hapo palikuwa na fundo. Malkia wa Fischer alikuwa anatishwa na askofu wa c5, na farasi wake wa c3 alikuwa anatishwa na malkia wa a3. Mchezaji wa kawaida angetafuta hatua ya kuwaokoa wote wawili, na hatua hiyo ilikuwapo: farasi kurudi b5, akimtisha malkia mweupe. Ilikuwa mtego. Byrne angekula kitunda cha f7 kwa cheki ya askofu, malkia wake angechomoka hadi b3 kwa cheki nyingine, na mchezo ungegeuka upande wake. Hili huwaponyoka wengi wanaousimulia mchezo huu kana kwamba Fischer alitoa malkia kwa mbwembwe. Hatua iliyoonekana ya busara ndiyo ingemwangusha.

Alichofanya ni kumsogeza askofu wake wa g4 hadi e6, ana kwa ana na askofu mweupe wa c4. Malkia akabaki pale pale, mdomoni mwa mpinzani.

Kukataa kumla malkia kungekuwa kubaya zaidi. Tuseme Byrne angemla askofu wa e6. Malkia mweusi angekwenda b5 kwa cheki, mfalme g1, farasi e2, cheki, mfalme f1, farasi g3, cheki ya kete mbili kwa pamoja, mfalme g1. Hapo malkia mweusi angejitupa f1, ngome nyeupe ingelazimika kumla, na farasi angerudi e2 kumaliza kazi: chekimeti, mfalme akiwa amesongwa na kete zake mwenyewe hadi hana pa kupumua. Kanuni hiyo ya kumkaba mfalme kwa farasi ni ya zamani, na huenda Fischer aliijua kutoka vitabuni. Kuiona ikiwa imefichwa ndani ya tawi la mchezo lililokuwa bado hatua kadhaa mbele ndiko kulikokuwa kwake.

Hatua ya 18 hadi ya 25: hesabu inalipwa

Byrne alimla malkia. Askofu wa Fischer akala askofu wa c4 na kutoa cheki, mfalme akaenda g1. Ikafuata ngoma ya farasi na mfalme. Farasi hadi e2, cheki. Mfalme kutoka g1 hadi f1. Farasi akaondoka e2 akala kitunda cha d4, na kwa kuondoka kwake akafungua njia ya askofu, ikawa cheki tena. Mfalme g1, farasi e2, mfalme f1, farasi c3, mfalme g1. Kila cheki ilimnyima Byrne nafasi ya kufanya lolote na malkia wake aliyekuwa mzima wa afya. Mwendo wa aina hii wachezaji huufananisha na kinu cha upepo: pangaboi linazunguka, na kila likipita linang'oa kitu.

Baada ya mzunguko huo Fischer akala askofu wa b6 kwa kitunda cha a7. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa mawili, kwani safu ya a ilifunguka na ngome yake ya a8, ambayo haikuwa imesogea tangu mwanzo, ikamtisha malkia wa a3. Malkia akakimbilia b4. Ngome ikamfuata hadi a4, ikilindwa na farasi. Malkia akala kitunda cha b6, na farasi akala ngome ya d1.

Hesabu ikawa wazi. Kwa malkia mmoja, Fischer alikuwa amepata ngome, maaskofu wawili na kitunda: 5, 3, 3 na 1, jumla 12 kwa 9. Zaidi ya hapo, kete zake zilishirikiana, na za Byrne hazikuwa na mawasiliano. Ngome nyeupe ya h1 ilikuwa bado imelala pale pale ilipopangwa mwanzoni mwa mchezo. Ilisogea mara ya kwanza kwenye hatua ya 28, kwenda e1, na ikaliwa papo hapo.

Hatua ya 26 hadi ya 41: Byrne anaendelea

Baada ya hatua ya 25 mchezo ulikuwa umekwisha kwa maana ya kitaalamu. Wachezaji wa kiwango hicho husalimu amri wanapoona hawana tumaini. Kuendelea huchukuliwa kuwa kumpotezea mwenzako muda. Mwanzoni Byrne aliendelea kama mtu ambaye bado ana malkia na chochote kinaweza kutokea. Baadaye, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, aliwauliza baadhi ya washiriki wenzake kama haingekuwa uungwana kumwachia kijana amalize kwa chekimeti. Wakakubali kwamba ingefaa. Kwa hiyo hatua za mwisho zilichezwa na mtu mzima aliyejua kabisa kinachokuja.

Kwenye hatua ya 35 mfalme mweupe alikuwa g1. Askofu mweusi akatoa cheki kutoka c5, farasi akatoa nyingine kutoka g3, askofu akahamia b4, askofu wa pili akaingia b3, farasi akarudi e2 kisha c3. Cheki sita mfululizo zilimsukuma mfalme kutoka g1 hadi b1, akarudi c1. Kwenye hatua ya 41 ngome ikatoka a2 na kusimama c2. Chekimeti. Maaskofu wawili, farasi na ngome vilikuwa vimeunda ukuta usio na tundu, na malkia mweupe, kete yenye nguvu kuliko zote zilizobaki, alikuwa b8 tangu hatua ya 32 akitazama.

Uungwana wa Byrne ulikuwa na matokeo ambayo hakuyapanga. Mchezo unaoishia kwa kusalimu amri humwachia msomaji kazi ya kumalizia picha kichwani. Huu ulipochapishwa ulikuwa na mwisho unaoonekana, na hata mtoto aliyejifunza kete jana angeweza kuufuata hadi pumzi ya mwisho ya mfalme.

Desemba 1956: jina

Aliyelitoa jina ni Hans Kmoch, mzaliwa wa Vienna mwaka 1894, mwandishi na mchambuzi aliyehamia New York baada ya vita vya pili vya dunia na kuwa msimamizi wa Manhattan Chess Club. Katika toleo la Desemba 1956 la jarida la Chess Review aliuchambua mchezo na kuuita Mchezo wa Karne. Hoja yake iliegemea umri: kwamba kazi ya mtoto wa miaka 13 dhidi ya mpinzani mgumu ililingana na bora kabisa katika historia ya watoto wa maajabu. Hilo halikuwa jambo dogo. Paul Morphy aliwashinda watu wazima mashuhuri mjini New Orleans akiwa na miaka 12, na José Raúl Capablanca alifanya vivyo hivyo Havana katika umri wa karibu na huo.

Karne ilikuwa bado imebakiza miaka 44. Wapo waliolalamika, kwa haki, kwamba jina lilikuwa kubwa mno kwa mchezo wa mashindano ya nchi moja, wenye kosa la wazi upande mmoja. Lakini jina lilishika, na lilishika zaidi kila Fischer alivyopanda.

Baada ya 1956

Alipanda haraka. Mwanzoni mwa 1958, akiwa na miaka 14, alitwaa ubingwa wa Marekani. Baadaye mwaka huo, mjini Portorož nchini Yugoslavia, alifuzu kuwa bingwa mkuu wa chesi (grandmaster) akiwa na miaka 15, mdogo kuliko wote waliowahi kufikia daraja hilo hadi wakati huo. Mwaka 1959 kikatoka kitabu cha kwanza cha michezo yake, na mchezo dhidi ya Byrne ulikuwamo.

Familia ya Byrne ilionja tena. Katika ubingwa wa Marekani wa 1963/64, ambao Fischer aliushinda kwa alama 11 kati ya 11, alikutana na Robert Byrne, kaka yake Donald. Kete zilipangwa vilevile, Byrne nyeupe, Fischer nyeusi. Robert alisalimu amri kwenye hatua ya 21, wakati ambapo mabingwa waliokuwa wakiwachambulia watazamaji katika chumba cha pili walikuwa wanaeleza kwamba Byrne ndiye anayeshinda.

Mwaka 1969 Fischer alichapisha kitabu cha michezo yake 60 aliyoithamini. Ule wa Robert Byrne umo. Ule wa Donald, uliomjulisha kwa dunia, haumo. Kitabu kinaanza na mchezo wa 1957. Miaka mitatu baadaye, mjini Reykjavik, alimshinda Boris Spassky kwa alama 12.5 kwa 8.5 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1975 akapoteza taji bila kucheza, baada ya kushindwa kuelewana na shirikisho la chesi duniani kuhusu masharti. Alifariki Reykjavik tarehe 17 Januari 2008, akiwa na miaka 64, idadi ya miraba ya ubao.

Donald Byrne alifundisha katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania na kuwanoa wachezaji chipukizi huko. Alipata daraja la bingwa wa kimataifa (International Master) mwaka 1962 na kuichezea timu ya taifa katika Olimpiadi za chesi. Alifariki mwaka 1976, akiwa na miaka 45. Robert alidumu zaidi: alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1972 na kuandika safu ya chesi katika New York Times kwa miongo mitatu.

Programu za kompyuta zinazocheza chesi vizuri kuliko binadamu yeyote zimeupitia mchezo huu mara nyingi. Zinaona, kama walivyoona wachambuzi wa 1956, kwamba askofu hadi g5 kwenye hatua ya 11 ndilo kosa lililofungua mlango, na kwamba kumtoa askofu wa f1 kungetosha kuufunga. Kwenye hatua ya 17, zikiulizwa Nyeusi acheze nini, zinamchagua askofu hadi e6.